Jiwe jeusi zito mkononi: mwongozo kamili wa kutambua kimondo cha mawe na kukipa daraja ukiwa Dar es Salaam

Jiwe lilishuka stendi ya Magufuli, Mbezi, kwa basi la kutoka Singida. Mpwa wangu alikuwa amelifunga kwenye kipande cha kanga na kulitumbukiza ndani ya mfuko wa karanga. Aliliokota malishoni: jeusi nje, zito kuliko ukubwa wake, halifanani na jiwe jingine lolote la pale.

"Shikamoo mjomba. Nimekuletea kimondo."

"Marahaba. Umelifanya nini hili?"

Upande mmoja ulikuwa umechubuka. Alikuwa amelisugua kwa sabuni na msasa, kisha akaligonga nyundo kuona kama ndani kuna chuma. Alipokuta ndani ni jiwe la kijivu, alikaribia kulitupa.

Kilichotaka kumponza ni Mbozi. Sisi Watanzania tukisikia neno kimondo tunaliwaza lile pande la chuma la Songwe, urefu wa mita tatu hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Kumbe zaidi ya asilimia 90 ya vimondo vinavyoonekana vikianguka duniani ni vya mawe. Hata hapa kwetu, kimondo kilichoiingiza Tanzania katika vitabu vya sayansi ya anga ni cha mawe: Ivuna, kilichoanguka tarehe 16 Desemba 1938, kikabaki na gramu zipatazo 700 tu. Kundi la CI, la vimondo vya mawe vyenye kaboni, limepata herufi yake ya I kutoka kwa Ivuna. Chombo cha Wajapani, Hayabusa2, kilipoleta vumbi la asteroidi Ryugu, mwamba mdogo unaolizunguka Jua, mwishoni mwa 2020, wanasayansi walilikuta linafanana na vimondo vya kundi hilo. Gramu 700 zinazokaa kwenye viganja viwili, na mtu asiyejua angezidhani mkaa.

Kwa hiyo ninaandika kwa ajili ya anayeshika jiwe, siyo chuma. Nitaanza na yale unayoweza kuyafanya nyumbani Mbagala au Tegeta, kisha nitaingia kwenye madini yenyewe, maana hayo ndiyo yanayolipatia jiwe daraja, yaani kundi na aina yake.

Saa ya kwanza: andika, usisugue

Kabla ya kipimo chochote, andika mahali jiwe lilipookotwa. Kama lilitoka mkoani na wewe uko Dar, mpigie aliyeliokota, arudi pale pale, akutumie pini ya mahali kwa simu na picha za ardhi. Muulize: lilikuwa juu ya udongo au limezama? Kulikuwa na vipande vingine? Nani mwingine alikuwepo? Vimondo huitwa kwa jina la mahali vilipopatikana, na ndiyo maana tuna Mbozi, Ivuna na Peramiho. Jiwe lililonunuliwa kwa mtu ambaye naye alinunua kwa mtu limeshapoteza nusu ya thamani yake kwa sayansi.

Usilioshe. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi, na maji ya bomba yana klorini. Klorini ikiingia kwenye vijipande vya chuma vilivyomo ndani ya jiwe, kutu huanza kulila kimyakimya. Futa vumbi kwa brashi laini, kavu, basi.

Na tafadhali sana, usilibandike sumaku yenye nguvu, kama zile zinazotolewa kwenye diski za kompyuta. Baadhi ya vimondo hubeba kumbukumbu ya usumaku wa kale, tangu mfumo wa Jua ulipokuwa mchanga. Sumaku kali huifuta kumbukumbu hiyo papo hapo, na hakuna maabara inayoweza kuirudisha.

Macho, halafu dira ya kibla

Kimondo kikipita angani, uso wake huyeyuka kisha huganda. Matokeo yake ni ngozi nyembamba, kwa kawaida chini ya milimita moja, nyeusi likiwa jipya na ya kahawia likishakaa ardhini miaka mingi. Tafuta palipovunjika: ngozi itaonekana kama mstari mweusi ukingoni, na ndani pana rangi nyepesi zaidi, kijivu au kahawia. Pembe huwa zimelainika. Wakati mwingine uso una mabonde madogo, kama donge la unga lililobonyezwa kwa kidole gumba.

Ukiona matundu ya mapovu, weka moyo chini. Mawe mengi niliyoletewa hapa mjini ni masalia ya tanuru la kuyeyushia chuma chakavu: meusi, mazito, yanavutwa na sumaku, na yamejaa matundu. Watu huyatumia kujazia mashimo uani. Dar yenyewe imekaa juu ya mchanga, udongo na chokaa ya matumbawe, kwa hiyo jiwe jeusi zito ukilikuta Kinondoni, mara nyingi limekuja na lori pamoja na kokoto za Lugoba au kifusi. Mishipa meupe ya kwatzi pia ni ishara ya jiwe la duniani. Vimondo vya kawaida havina mishipa ya namna hiyo.

Sasa chukua dira ndogo, hata ile ya kuelekezea kibla inayouzwa Kariakoo. Ilaze mezani, mbali na simu na misumari, iache itulie. Sogeza jiwe polepole kando ya sindano. Jiwe lenye chuma litaisogeza. Sindano ya dira ni dhaifu, hailidhuru jiwe. Kama kuna chembe iliyodondoka yenyewe, hiyo unaweza kuijaribu kwa sumaku ya spika. Chembe ijaribiwe, jiwe zima liachwe. Lakini ifutwe vumbi kwanza. Mchanga wa pwani, hasa Kigamboni, una chembe nyeusi zinazorukia sumaku, na zimewadanganya wengi.

Kinachofuata ni kigae. Geuza kigae cha sakafuni upande wa nyuma usiong'aa, kisha kwaruza kona ya jiwe mara moja, kidogo. Mstari mwekundu wa matofali ni hematiti. Mweusi kama penseli ni magnetiti. Yote mawili ni madini ya chuma ya hapa duniani. Kimondo cha mawe kisichooza sana huacha alama hafifu ya kijivu au hakiachi kitu. Kilichokaa sana ardhini kinaweza kuacha ukahawia wa kutu, kwa hiyo kipimo hiki kinasaidia zaidi kukataa kuliko kukubali.

Uzito wake ndani ya maji

Unahitaji mizani ya dijitali ya jikoni inayosoma gramu moja moja, bakuli na uzi. Pima jiwe kavu. La mpwa wangu lilikuwa gramu 412. Weka bakuli lenye maji juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha lining'inize jiwe kwa uzi mpaka lizame lote bila kugusa chini wala pembeni. Namba inayosomeka sasa ni ujazo wa jiwe kwa sentimita za ujazo. Nilipata 122. Gawanya: 412 kwa 122 ni karibu 3.38.

Tumia maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale ya kuongezea betri ya gari yanayouzwa vituo vya mafuta. Soma chupa vizuri usije ukachukua asidi. Zamisha jiwe kwa sekunde chache tu, likaushe kwa kitambaa, kisha liache chini ya feni usiku kucha.

Kondriti za kawaida, yaani kundi kubwa kabisa la vimondo vya mawe, huwa kati ya 3.2 na 3.7 hivi. Chokaa ya matumbawe haivuki 2.7. Basalti huwa 2.8 hadi 3.0. Magnetiti na hematiti hupita 5. Kwa hiyo 3.38 haikunihakikishia kitu, lakini ilinifanya nisilale.

Dirisha

Hapa ndipo jiwe linapoanza kusema. Usilipasue. Chagua kona iliyokwisha kuvunjika, kisha isawazishe iwe na uso bapa wenye upana wa ukucha wa kidole kidogo. Nunua msasa wa maji wanaotumia mafundi rangi wa magari: namba 400, halafu 800, halafu 1200. Lowanisha kwa spiriti badala ya maji, fanya kazi mahali penye hewa na mbali na jiko, vaa barakoa. Kusanya unga wote unaotoka kwenye karatasi ya foili, uandike tarehe. Palipochubuliwa na mpwa wangu paligeuka kuwa dirisha langu, kwa hiyo sikuhitaji kuongeza jeraha.

Angalia kwa lenzi ya sonara inayokuza mara 10, juani, ukilizungusha jiwe polepole. Unatafuta vitu vitatu.

Cha kwanza ni madoa ya metali yenye rangi ya fedha, yaliyotawanyika kwenye kijivu. Yaguse kwa ncha ya sindano: metali halisi hukwaruzika na kung'aa, haimeguki. Metali hii ni chuma chenye nikeli, nayo ina sura mbili. Kamasiti ina nikeli kidogo, asilimia 4 hadi 7 hivi. Teniti inayo nyingi, kuanzia asilimia 20 na kuendelea. Kwa lenzi hutazitofautisha, lakini ujue zipo zote mbili. Mawe ya duniani ni nadra mno kuwa na chuma kisichooksidishwa, kwa sababu oksijeni yetu imeshakigeuza kuwa kutu zamani.

Cha pili ni chembe za manjano ya shaba iliyofifia, zisizo na weupe wa fedha. Hiyo ni troiliti, muungano wa chuma na salfa, atomu moja kwa moja. Ukiona fedha na shaba vinakaa jirani ndani ya jiwe moja la kijivu, una sababu ya kutabasamu.

Cha tatu ndicho ninachokipenda kuliko vyote: viduara. Vinaitwa kondruli, na kondriti zimepata jina lao hapo. Ni matone ya mawe yaliyoyeyuka yakielea angani kabla Dunia haijakamilika, yakaganda, yakakusanyika na vumbi kuwa asteroidi. Nyingi zina upana chini ya milimita moja. Umri wake ni zaidi ya miaka milioni 4,560. Hakuna mwamba wa Tanzania, hata ile migumu ya kale ya Dodoma na Singida, unaofika huko.

Ndani ya kondruli na kati yake kuna madini mawili makuu. Olivini ni ya kijani kilichofifia au manjano, wakati mwingine kama kioo. Pairoksini ni ya kijivu au kahawia, na ndani ya kondruli hujipanga mara nyingi kama mbavu za feni ya mkono. Feldispa ipo kidogo, nyeupe, ndogo sana kwa lenzi. Kromiti na fosfati hubaki kazi ya hadubini.

Kama unamfahamu mnunuzi wa dhahabu mwenye mashine ya XRF, inayosoma metali kwa eksirei, mwombe apime dirisha na asome nikeli. Kondriti ya kawaida nzima ina nikeli asilimia 1 hadi 2 hivi, wakati mawe mengi ya duniani hayafikii hata sehemu ya kumi ya asilimia moja. Chuma cha pua nacho kina nikeli, kwa hiyo masalia ya tanuru yanaweza kukuchezea. Namba peke yake bila dirisha isikulevye.

Jinsi daraja linavyopatikana

Kondriti za kawaida zina makundi matatu: H, yenye chuma kingi, L, yenye chuma kidogo, na LL, yenye chuma kidogo na metali kidogo zaidi. Kwa dirisha unaweza kukisia. Katika H, metali ni asilimia 15 hadi 20 ya uzito, jiwe limejaa nyota za fedha. Katika L ni asilimia 4 hadi 10. Katika LL inaweza kushuka chini ya 3, na dira itasogea kwa uvivu.

Kukisia hakutoshi, kwa sababu kutu hula metali na kulifanya H lionekane L. Kinachoamua ni olivini. Olivini ni mchanganyiko wa ndugu wawili: forsteriti yenye magnesiamu na fayaliti yenye chuma. Maabara hukata kipande chembamba cha unene wa maikromita 30, kiasi cha mwanga kupenya, kisha hupiga miale ya elektroni kwenye chembe moja moja na kuhesabu fayaliti ni sehemu ngapi kati ya mia. Kipimo hicho huandikwa Fa. Katika H huwa karibu 16 hadi 20, katika L 22 hadi 26, katika LL 27 hadi 32. Pairoksini nayo hupimwa hivyo hivyo kwa kipimo cha Fs, yaani sehemu yake yenye chuma, na namba mbili lazima zikubaliane.

Ukitazama utaona mpangilio: metali inavyopungua, chuma ndani ya olivini kinaongezeka. Mwanasayansi wa vimondo Prior aliliona hilo mwaka 1916 na bado linasimama. Mahali palipokuwa na oksijeni nyingi zaidi, chuma kilitoka kwenye metali kikaingia kwenye madini ya jiwe. Kwa hiyo herufi H, L au LL inakueleza hali ya kona ya anga ambako asteroidi mama ilizaliwa.

Majirani zetu wana mifano mizuri. Thika, kilichoanguka Kenya mwaka 2011, ni L6. Mbale cha Uganda, mwaka 1992, nacho ni cha kundi la L. Kipande chake kidogo kilipita kwenye majani ya mgomba kikamgonga kijana kichwani bila kumjeruhi. Chelyabinsk cha Urusi, 2013, ni LL5.

Namba inayofuata herufi inaeleza jiwe lilipashwa joto kiasi gani ndani ya asteroidi yake. Katika 3, kondruli zina kingo kali na olivini zinatofautiana kemia, kila moja na Fa yake. Katika 4 olivini zimefanana, kondruli bado ziko wazi. Katika 5 kingo zimefifia. Katika 6 kondruli zimekaribia kupotelea kwenye jiwe lote, na feldispa imekua kupita maikromita 50. Ukihangaika kuona viduara kwenye dirisha, usikate tamaa. Huenda ni aina ya 6, na ziko nyingi.

Yapo maandishi mengine mawili kwenye daraja kamili. S1 hadi S6 ni ukali wa migongano iliyolipata angani. Mishipa myeusi myembamba ya jiwe lililoyeyuka ni dalili yake. Kwa kawaida S husomwa kwenye kipande chembamba. W ni uozo wa hapa duniani: W0 metali haijaguswa, W1 ina kingo za kutu tu, W2 imeliwa asilimia 20 hadi 60, W3 hadi 95, W4 metali na troiliti zimekwisha, na W5 na W6 kutu imeingia kwenye olivini zenyewe. Hii unaweza kuikadiria wewe mwenyewe kwa lenzi.

Sasa onyo ninalolisisitiza. Ivuna ingeanguka karibu kila mtihani niliouandika hapo juu. Ni CI1: maji ndani ya asteroidi yake yaliligeuza jiwe kuwa madini laini ya udongo, kondruli zikafutika, metali ikatoweka. Ni jepesi, jeusi, linamenyeka kwa kucha, na mvua ingelilainisha kuwa tope. Peramiho, kilichoanguka Ruvuma mwaka 1899, nacho hakina kondruli wala nyota za fedha. Ni yukriti, lava ya asteroidi, pairoksini na feldispa ndani ya ngozi nyeusi inayong'aa. Kwa hiyo kama watu wameona mwanga, wamesikia mshindo, na jiwe limeokotwa siku hiyo hiyo likiwa na ngozi mpya, achana na vipimo vya nyumbani. Lifunge kwenye foili safi bila kuligusa kwa mikono mitupu, lipeleke kwa wataalamu.

Kulipeleka na kulitunza

Dar una bahati ya ukaribu: wanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wako Mlimani. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, makao yake ni Dodoma. Nenda na daftari lako, picha, pini ya mahali, hesabu ya uzito na unga ulioukusanya. Mtu mwenye daftari husikilizwa.

Jina rasmi na daraja rasmi hupitishwa na kamati ya majina ya Meteoritical Society, jumuiya ya kimataifa ya wanasayansi wa vimondo. Inataka Fa na Fs zilizopimwa, na sampuli ibaki kwenye taasisi inayotunza vimondo: gramu 20 au asilimia 20 ya jiwe, chochote kilicho kidogo. Kwa jiwe la gramu 412, asilimia 20 ni gramu 82, kwa hiyo gramu 20 zinatosha. Kama kipimo kitafanyika nje ya nchi, usiliweke jiwe kwenye bahasha ya kusafirisha kabla ya kupata maandishi kutoka Tume ya Madini na idara ya malikale. Dalali atakayekuambia "twende tu, hakuna anayeuliza" mwache aende peke yake.

Wakati unasubiri, adui ni hewa yetu. Unyevu na chumvi ya bahari hulivuta jiwe kuelekea kutu, na anayeishi Kigamboni au Msasani ataona matone ya kahawia ndani ya miezi. Tafuta kopo lenye mfuniko unaokaza. Weka humo vile vifuko vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, kumi au zaidi, na uvibadilishe kila mwezi wakati wa masika. Jiwe likae juu ya foili, lisiguse silika. Ukilishika, vaa glavu. Jasho nalo lina chumvi.

La mpwa wangu liko kwenye kopo hivi sasa. Dirishani nimehesabu madoa ya fedha machache, troiliti, na viduara vinne vyenye kingo zilizofifia. Kwenye daftari nimeandika: "Kondriti, huenda L5, W2, isubiri hadubini." Yeye amerudi Singida na brashi kavu, foili na sarafu ya kuwekea kando ya jiwe akipiga picha, na anatembea malishoni kwa mistari, hatua tano kutoka mstari hadi mstari, akitafuta vipande vilivyobaki.